Mwongozo Kamili wa Kumwagilia Sakulenti Nyumbani Bila Kuziozesha

Kila wiki swali ninaloulizwa kuhusu sakulenti ni lile lile, "nimwagilie mara ngapi?", na picha inayokuja nalo ni ile ile: majani ya chini yamegeuka njano na yanapitisha mwanga, ukiyagusa yanabonyea na kutoa maji, shina limekuwa jeusi pale linapoingia udongoni. Ukimuuliza mwenye ua anakwambia mbona mimi nalihudumia vizuri tu, kila siku nalimwagilia maji kidogo kidogo. Ndugu zangu, hayo ya kila siku kidogo kidogo ndiyo yanayoua.

Sakulenti ni mimea inayojiwekea akiba ya maji. Mingine inaweka kwenye majani (alovera, echeveria, jedi), mingine kwenye shina (kaktasi, mnyaa), mingine chini kabisa kwenye viazi vyake, kama zizi (ule mmea wa ndani unaoitwa ZZ, Zamioculcas). Akiba hiyo inautosha mmea wiki kadhaa bila tone. Ila kitu ambacho mizizi haivumilii kukikosa ni hewa. Udongo ukikaa umelowa siku nyingi nafasi zote za hewa zinajaa maji, mizizi inakosa oksijeni na kufa, vimelea vya kuoza vinaingia, na sasa mmea usio na mizizi hauwezi kunywa hata ukiuweka ndani ya ndoo, majani yananyauka, wewe unaona yamenyauka unasema ana kiu huyu, unaongeza maji. Mimea mingi inamalizwa na huo mzunguko.

Kwa hiyo jibu la mara ngapi ni hili: lowesha udongo wote mpaka maji yatoke chini, halafu usiguse tena mpaka udongo ukauke wote, kuanzia juu mpaka kitako cha chungu. Hatua zilizobaki hapa ni za kukusaidia ujue umekauka lini, na uhakikishe unakauka kwa wakati.

## Vitu vya kuandaa

- Chungu au poti yenye tundu chini, hiyo haina mjadala
- Vijiti vya mishikaki, kimoja kwa kila chungu
- Chupa yenye mdomo mwembamba. Ile ya plastiki ya tomato sosi ukiisha iosha vizuri inafaa kuliko keni za dukani
- Mchanga wa mto wenye punje kubwa
- Kokoto ndogo kabisa au pumisi (jiwe jepesi la volkano lenye vitundu), ukikosa vyote mkaa uliopondwa
- Mboji au samadi iliyooza vizuri, ambayo haina harufu tena
- Beseni
- Wembe mpya na spiriti kidogo, kwa ajili ya mmea mgonjwa
- Tepu ya karatasi na kalamu

Hakuna cha bei hapo. Vile vipimo vya unyevu vya kuchomeka udongoni mimi sivipendekezi kwa sakulenti, maana kwenye udongo wenye kokoto nyingi vinasoma hovyo, na kijiti cha mshikaki kinasema ukweli kuliko vyenyewe.

## Hatua ya 1: Kagua chungu kabla ya kushika maji

Geuza chungu uangalie chini. Kama hakina tundu, hakuna ustadi wa kumwagilia utakaokuokoa, maji yanayozidi hayana pa kwenda na yanakaa pale pale yalipo mizizi. Poti ya plastiki itoboe kwa msumari uliopashwa moto, matundu matatu manne yanatosha. Kama ni ya kauri na unaipenda kwa urembo wake, panda ua kwenye kikopo cha plastiki chenye matundu kisha kitumbukize ndani ya hiyo nzuri, siku ya kumwagilia unakitoa unakirudisha kikishachuruzika.

Kuna na zile zinazouzwa zikiwa na kokoto za rangi juu zimegandishwa kwa gundi. Zibandue zote. Zinazuia maji kuingia sawasawa, zinazuia udongo kupumua, na wewe unashindwa kabisa kuona hali ya udongo.

Ukubwa nao una maneno. Chungu kizidi mmea sentimita mbili tatu kila upande basi. Ukipanda kaua kadogo kwenye poti kubwa, mizizi haifikii udongo mwingi na huo usiofikiwa unakaa na maji wiki nzima na zaidi. Chungu cha udongo wa kuchoma kinapitisha unyevu kwenye kuta zake kwa hiyo kinakauka haraka, cha plastiki kinachelewa. Kwa anayeanza na mwenye mkono mwepesi wa maji, nunua cha udongo.

Sasa lile la kuweka tabaka la kokoto chini ya chungu "ili maji yachuje". Hili limeenea sana na halisaidii. Fanya jaribio: chukua sponji ya kuoshea vyombo, ilowanishe, ishike ikiwa imelala mpaka iache kudondosha. Sasa ishike vile vile ilivyolala uiweke juu ya kokoto kavu. Maji yamebaki ndani ya sponji, hayajashuka. Udongo laini unafanya hivyo hivyo, unashikilia maji mpaka ulowe chapachapa ndipo uachie yashuke kwenye kokoto, kwa hiyo ulichofanya ni kupandisha sehemu yenye maji karibu zaidi na mizizi. Kokoto ni nzuri, ila zichanganywe ndani ya udongo wote. Tundu lenyewe liwekee kipande cha wavu wa mbu tu ili udongo usimwagike.

Umefanikiwa ukiona: unamimina maji na yanatoka chini bila kutuama juu.

## Hatua ya 2: Badilisha udongo uliokuja na ua

Hapa ndipo watu wengi wanapopuuzia. Ua ulilonunua pembeni ya barabara likiwa kwenye kiriba cheusi mara nyingi limepandwa kwenye udongo mwekundu au mfinyanzi, na kwa wa Nairobi mara nyingine ni ule udongo mweusi unaonata na kupasuka ukikauka. Muuzaji hana kosa, kwake ua linakaa nje juani na upepo, udongo unakauka. Ukilipeleka sebuleni udongo ule ule unakaa na maji wiki mbili.

Mchanganyiko ninaoutumia ni sehemu moja mboji au samadi iliyooza, sehemu moja mchanga wa mto, sehemu moja kokoto ndogo au pumisi. Kama unakaa Pwani ambako hewa ina unyevu mwingi, ongeza kokoto ziwe sehemu moja na nusu. Mchanga uoshe kwenye ndoo, koroga na kumwaga mpaka maji yatoke meupe, ile vumbi laini ndiyo inayoziba nafasi za hewa.

Tahadhari: usichote mchanga wa baharini. Una chumvi, na hata uuoshe namna gani ni vigumu kuimaliza yote.

Kubadilisha kwenyewe ni hivi: acha udongo wa zamani ukauke kwanza, toa mmea, papasa mizizi kwa vidole mpaka udongo mwingi udondoke, kata iliyokufa, panda kwenye mchanganyiko mkavu. Halafu usimwagilie. Najua mkono unawasha, umezoea ukipanda kitu unakipa maji, lakini mizizi imechubuka na kukatika na maji yakiingia kwenye vidonda hivyo mmea unaanza kuoza. Acha siku tano mpaka wiki moja vidonda vikauke ndipo uanze hatua ya tatu.

Umefanikiwa ukiona: ukikamata konzi ya udongo uliolowa ukaubana kisha ukafungua mkono, unamwagika wenyewe. Ukibaki donge, ongeza kokoto.

## Hatua ya 3: Jifunze kujua kama mmea una kiu

Hii ndiyo hatua yenyewe, nyingine zote zinaizunguka hii, kwa hiyo isome taratibu.

Kijiti. Chukua kijiti cha mshikaki kikavu, kichome pembeni mwa chungu, mbali na shina, kisukume mpaka kigonge chini kabisa. Kiache dakika kumi. Kichomoe na ukiangalie kuanzia ncha: kama rangi imekolea au kuna udongo umeng'ang'ania, chini bado kuna maji. Kama macho hayana uhakika, kilaze shavuni. Kijiti chenye unyevu kina ubaridi unaousikia mara moja hata kama kinaonekana kikavu. Kikitoka kisafi, kikavu, hakina ubaridi, udongo umekauka.

Usitumie kidole. Kidole kinafika sentimita chache tu za juu na hizo kwenye joto letu zinakauka siku ya pili, wakati kwenye kitako bado ni matope. Nyingi ya zile zilizoozeshwa kwa nia njema zilimwagiliwa kwa sababu "juu palikuwa pamekauka".

Uzito. Siku ukimwagilia, nyanyua chungu usikie uzito wake. Kinyanyue tena kijiti kinapotoka kikavu. Tofauti ni kubwa, hasa kwa poti za plastiki, na ukishafanya hivyo kwa muda mkono unazoea, unapita tu unanyanyua moja moja unajua huyu bado huyu tayari.

Majani. Hapa angalia majani ya chini, yaliyokomaa, maana mmea ukipungukiwa unaanza kunyonya akiba ya hayo. Bonyeza jani la echeveria au jedi katikati ya kidole gumba na cha shahada. Likiwa limeshiba ni gumu, halikunjiki. Likiwa na kiu linakuwa laini kidogo, linapinda, na ukilisogeza kwenye mwanga unaona mikunjo myembamba imelala juu ya ngozi. Alovera majani yanapungua unene na kingo zinajikunja kuelekea ndani. Kaktasi mbavu zake zinasogeleana. Sansevera inapata mistari iliyozama kwa urefu wa jani.

Sasa tofautisha na maji yaliyozidi, maana kwa mbali vinafanana na watu wanavichanganya. Jani lenye kiu limesinyaa ila rangi yake ipo na ukilivuta linang'ang'ania shina. Jani lililozidiwa maji limevimba au limelegea, rangi imepauka kuwa njano, linapitisha mwanga, ukiligusa tu linadondoka. Na lile la chini kabisa linalokauka mpaka linakuwa karatasi ya kahawia, hilo ni uzee, limemaliza kazi yake, litoe na usihangaike.

Tahadhari kubwa: ukikuta majani yamesinyaa na kijiti kimetoka na unyevu, usimwagilie. Udongo una maji na mmea hauyapati, maana yake mizizi imekufa. Nenda moja kwa moja sehemu ya kuokoa huko chini.

## Hatua ya 4: Maji gani

Ya mvua ndiyo bora, kinga ndoo wakati wa masika na uifunike. Ya bomba hayana neno. Yenye shida ni ya visima vyenye chumvi, na wakazi wengi wa Dar tunayajua haya, sabuni haitoi povu. Yakikauka yanaacha chumvi kwenye udongo, utaona ukoko mweupe kwenye kingo za chungu na juu ya udongo, na ikizidi inaunguza ncha za mizizi. Kama huna mengine, kila baada ya miezi michache pitisha maji mengi ya mvua au ya bomba kwenye chungu, yatoke chini kwa wingi, yasombe ile chumvi. Sansevera na zizi zinavumilia zaidi, echeveria ndio mnyonge.

Maji ya mchele, ya chai, ya kuoshea vyombo, hapana. Wanga wa mchele unalisha ukungu na vile vinzi vidogo vyeusi vinavyozunguka kwenye maua ya ndani.

## Hatua ya 5: Kumwagilia kwenyewe

Asubuhi. Ukimwagilia asubuhi, maji yaliyorukia kwenye majani na juu ya udongo yanapata mchana mzima wa kukauka kabla usiku wenye unyevu haujaingia. Pwani hili ni muhimu kuliko bara kwa sababu usiku wetu wa Februari hauna hata upepo, kilicholowa saa moja jioni utakikuta kimelowa alfajiri.

Mimina kwenye udongo, zunguka. Mdomo wa chupa uguse karibu na udongo, chini ya majani. Mimina polepole ukizunguka chungu chote, usimimine sehemu moja tu, maji yana tabia ya kutafuta njia moja na kushuka nayo, upande mwingine unabaki vumbi. Endelea mpaka yatoke chini.

Subiri dakika tano, rudia. Raundi ya kwanza inaamsha udongo, ya pili ndiyo inayoloa. Udongo mkavu sana, hasa wenye makapi ya nazi, unayakataa maji, unaona yanapita pembeni ya chungu haraka na kutoka, unadhani umemaliza kumbe katikati ni kavu. Ukiona hivyo weka chungu kwenye beseni lenye maji yanayofika kama theluthi moja ya kimo cha chungu, kiache mpaka uso wa udongo ubadilike rangi, kawaida ni dakika 15 mpaka 30, kisha kitoe. Usikisahau humo.

Acha kichuruzike. Kiweke juu ya kitu kinachopitisha maji mpaka kiache kudondosha, ndipo ukirudishe kwenye kisosi chake. Kisosi kiwe kikavu. Na hili si kwa ajili ya ua peke yake: Dar tumepigwa na homa ya dengi 2014 na tena 2019, na mbu anayeieneza anauma mchana na anazaliana kwenye maji machache yaliyotuama majumbani, visosi vya maua vikiwemo. Mwaga kila mara.

Spreya weka pembeni. Kupulizia kunalowesha milimita chache za juu, mizizi ya chini haipati kitu na mmea unaanza kutoa vijizizi juu juu vinavyokauka mchana ule ule. Na echeveria ina unga mweupe kwenye majani unaoikinga na jua kali, ukiupulizia maji au kuufuta kwa vidole unaondoka na kwenye jani hilo haurudi vizuri. Maji yakiingia kwa bahati mbaya katikati ya ua, pale majani machanga yanapochipukia, yapulize kwa mdomo au yanyonye kwa ncha ya tishu. Yakilala pale kwenye joto, moyo unaoza.

Umefanikiwa ukiona: maji yametoka chini, kijiti ukichoma kinatoka na unyevu kote, na ndani ya siku mbili tatu majani yaliyokuwa laini yamekuwa magumu tena. Yasipojaa baada ya kumwagilia mara mbili kwa utaratibu huu, toa mmea uangalie mizizi.

Baada ya hapo bandika kipande cha tepu kwenye chungu, andika tarehe ya kumwagilia. Kijiti kikija kutoka kikavu andika na hiyo. Ukiwa na tarehe kadhaa utaona mwenyewe kila chungu kinachukua muda gani, na hiyo ndiyo ratiba yako, ya nyumba yako, hakuna mtu mwingine anayeweza kukupa.

## Msimu na mji unaoishi

Sehemu kubwa ya maelekezo yanayozunguka mtandaoni yanatoka Ulaya na Marekani, wanakwambia Desemba punguza maji kabisa ua limelala kwa baridi. Desemba ya Dar ni joto la kutoa jasho umekaa! Isitoshe sisi tuko karibu na ikweta, Dar tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka haifiki saa moja, kwa hiyo huo usingizi wa gizani wanaousema haupo kwetu. Kinachobadilika huku ni mvua, unyevu wa hewa na joto. Muda ninaoutaja hapa ni wa kuanzia tu, kijiti ndio kiamue.

Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar. Kiangazi, Desemba mpaka Februari, chungu kidogo cha udongo kilichoko barazani kwenye mwanga mzuri kinaweza kukauka ndani ya wiki, cha plastiki ndani ya nyumba siku 10 mpaka 14. Masika, Machi mpaka Mei, ndio msimu wa misiba. Hewa imejaa maji, mawingu, udongo haukauki. Zilizo nje zisogeze chini ya paa, mvua ya siku moja sio tatizo ila ya siku nne mfululizo ni tatizo. Za ndani zinaweza kufika wiki tatu bila kuguswa. Kipupwe, Juni mpaka Agosti, kuna upepo na hewa kavu kidogo, ndio msimu mzuri wa kubadilisha udongo.

Nairobi, Arusha, Iringa, Mbeya. Kwenu usiku una ubaridi na echeveria zinastawi kwa sababu asili yake ni nyanda za juu za Mexico, zinakaa na rangi nzuri ambayo sisi wa Pwani tunaiona kwenye picha. Ila Juni mpaka Agosti, ile baridi ya Nairobi ya mawingu kutwa, mmea wa ndani unaweza kukaa wiki tatu mpaka nne na hakuna kitakachoharibika. Maji baridi, udongo baridi, jua hakuna, hapo kuoza ni rahisi sana.

Dodoma, Singida na kwingine kukavu. Hapa peke yake ndipo nawaambia watu wasiogope kumwagilia. Upepo na jua vinakausha chungu cha udongo kwa siku chache, na kiu ya kweli inatokea.

Halafu angalia ndani ya nyumba yako. Dirisha lenye nondo, wavu wa mbu na pazia linaingiza mwanga mdogo kuliko unavyodhani, na mmea wenye mwanga mdogo unakunywa kidogo. Ukiuona unarefuka na majani yanaachana, unatafuta jua, tatizo hilo halitatuliwi na maji, usogeze dirishani. Chumba chenye kiyoyozi kinakausha udongo haraka zaidi, bafuni unachelewa.

## Wenye tabia zao

Alovera na sansevera ndio wavumilivu, anayejifunza aanze na hao. Zizi asili yake ni huku huku Afrika Mashariki na kusini, ina viazi chini, ukiisahau mwezi haitakusema.

Haworthia inapenda kivuli chenye mwanga, mizizi yake minene inaoza upesi, usiipande kwenye chungu kirefu.

Adeniamu, waridi la jangwani, inawadanganya watu kwa jina. Ikiwa na majani na ipo juani kiangazi inakunywa sana, inaweza kutaka maji kila baada ya siku tatu nne. Ikiangusha majani kipupwe punguza mpaka mara moja kwa wiki kadhaa, bonyeza lile shina nene, likiwa gumu iache. Na uwe makini na utomvu wake, ni sumu, Wahadzabe wanautumia kwenye mishale ya kuwindia. Mnyaa nao maziwa yake yakiingia jichoni ni hatari, watoto wasichezee, ukikata vaa glavu.

## Kama mmea umeshaanza kuoza

Usisubiri kesho. Acha kabisa habari ya "nipunguze maji nione".

1. Toa mmea, ondoa udongo wote, suuza mizizi. Mizima ni myeupe au ya kahawia isiyokolea na ni imara. Iliyooza ni myeusi, inateleza, ganda linavuka ukivuta na kubaki uzi.

2. Futa wembe kwa spiriti, kata yote iliyooza. Kama uozo umepanda kwenye shina, kata shina kwa vipande vyembamba kwenda juu, ukifuta wembe kila mkato, mpaka sehemu ya ndani iwe safi kabisa. Alama moja ya kahawia katikati ikibaki, uozo utaendelea. Watu wanaona huruma wanaacha hapo, wiki ijayo mmea wote umekwisha.

3. Laza kipande kilichobaki kivulini penye hewa. Vishina vyembamba siku tatu mpaka tano, vinene kama kaktasi na adeniamu wiki moja mpaka mbili, mpaka kidonda kiwe kigumu na kikavu ukikigusa. Kitasinyaa kidogo, ni sawa.

4. Kisimamishe kwenye mchanganyiko mkavu wa hatua ya pili, kwenye chungu kidogo, penye mwanga bila jua la moja kwa moja. Usimwagilie. Hakina mizizi, hakiwezi kunywa.

5. Baada ya wiki mbili tatu kivute kidogo sana kwa juu. Kikikataa kutoka kina mizizi. Sasa mpe maji kidogo kuzunguka, subiri yakauke, ongeza kidogo safari inayofuata, na jani jipya likitokea katikati ndio urudi kwenye utaratibu wa kulowesha wote.

Kama shina lote limeoza, angalia majani ya juu. Echeveria, jedi na kalanchoe jani zima lililotoka na kitako chake linaweza kuotesha mche: lilaze juu ya mchanganyiko mkavu kivulini, usilifukie. Vijizizi vya rangi ya waridi vikianza kutoka pale kwenye kitako cha jani, dondoshea matone machache karibu navyo kila udongo unapokauka. Alovera haioti kwa jani, kwa hiyo kwake tafuta vitoto pembeni ya mama, hata kakiwa na mzizi mmoja mzima kanatosha.